Aliyepiga Goti Hajainuliwa

Jumanne, 13 Januari 1998

Baba mkwe amekufa. Nianze na hilo, maana mengine yote yananing'inia hapo.

Uzezi aliamka na uamuzi wake. Akavaa kitenge cha kanisani, akasema: Leo naenda kwa baba. Nikauliza, ameita? Akasema hajaita, anakufa, na mtu anayekufa haiti. Sikubishana. Mke wangu akishafunga kilemba, hoja imekwisha.

Tangu anioe — hapana, tangu nimwoe, ingawa kwao husema yeye ndiye aliyejichukulia msiba — hajakanyaga ule ua. Mzee Odhomor alimwambia mbele ya watu: Usinipigie goti tena ukiwa mke wa mtu wa ziwani. Mtu wa ziwani ni mimi. Mama wa babu yangu, Bibi Omamuzo, alipelekwa Ziwa Eni enzi zile, kisa wamesema mchawi. Aliyevuka alikuwa mwema, aliyezama alikuwa mchawi. Hakuna aliyeuliza nani anajua kuogelea! Bibi alikuwa mtu wa mashamba ya nchi kavu. Hiyo ndiyo kesi yote, na hukumu yake. Baadaye Wazungu wakayapiga marufuku mambo hayo, ziwa likapumzika. Midomo ya watu hawakuipiga marufuku.

Basi tukaenda. Mimi nilikusudia kubaki langoni. Harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, imeshika, vumbi mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa kwenye kitanda cha chuma pale sebuleni, macho wazi, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi mvivu. Dada yake, Shangazi Eruke, alikuwa jikoni nyuma anapasha mchuzi. Uzezi akaingia, akashuka magoti yote mawili, akainamisha kichwa. Akasema: Digwo, baba. Napiga goti.

Nikasogea mpaka kizingitini. Mzee alimwona. Nina hakika alimwona. Kichwa kiligeuka, mdomo ukajikunja kama wa mtu anayetaka kusema. Halafu kifua hakikupanda tena.

Na Uzezi yuko pale chini, anasubiri. Hajui! Kichwa kimeinama, kama alivyofundishwa, anasubiri Vrendo yake. Kwetu mtoto hajiinui. Huinuliwa, kwa neno hilo, na mkubwa aliyempigia goti. Anasubiri. Nzi akatua kwenye paji la Mzee, hakufukuzwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikaingia, nikampitisha mke wangu mikono kwapani, nikamwinua kama gunia la muhogo.

Hapo ndipo Shangazi Eruke akatokea na bakuli. Akamtazama kaka yake. Akamtazama Uzezi. Akaitazama mikono yangu. Bakuli hakulidondosha, alilitua chini taratibu, asimwage kitu. Kisha akapiga yowe.


Jumatano, 14 Januari

Mtu akifa hapa Otor-Ame, watu huja kwangu kabla ya kwenda kwa katekista. Mimi nina maturubai na viti. Katekista ana maneno tu, na maneno mtu anaweza kuyasikiliza akiwa amesimama.

Leo hakuja mtu. Ua wa Mzee umejaa pomoni, watu wamekalia vinu, ndoo, magogo. Viti vyangu vimepangwa hapa nje. Nimevitazama, vimenitazama.

Alasiri kafika Ogaga, kaka yake Uzezi, anayeuza matairi Warri. Kaja moja kwa moja kwangu. Shemeji, viti mbona haviji? Nikamwambia akaulize kwao. Akarudi akijizuia kucheka. Shangazi amesema waombolezaji hawatakalia viti vya ziwani, wasije wakaota magamba ya samaki makalioni.

Tukacheka mimi na yeye. Uzezi hakucheka. Akauliza: Na juu yangu amesema nini? Ogaga akaanza kuzungumzia uhaba wa petroli.


Jumamosi, 17 Januari

Viti vimechukuliwa hatimaye. Kuna wazee wamekuja kutoka Iyede, na makalio ya wazee wa Iyede hayajui ndoo.

Lakini hilo si la leo. La leo ni gulio.

Uzezi alikwenda kununua chikichi. Akamkuta yule bibi wa samaki wakavu, rafiki wa marehemu mama yake, aliyemlea nusu. Akapiga goti palepale mavumbini, kama siku zote. Digwo, mama. Bibi akawa anageuza samaki. Akawageuza upande wa pili. Uzezi chini. Wauza pilipili wakaacha kupima. Mwishowe bibi akasema bila kumtazama: Nenda tu mwanangu, usinitie majaribuni. Siwezi kumwinua mtu ambaye baba yake alimwacha chini.

Ikabidi ajiinue mwenyewe. Mkono ardhini, goti moja, goti jingine. Mtu mzima kujiinua mwenyewe katikati ya gulio, kama mbuzi! Watu waliona. Wasioona wameshahadithiwa.

Kumbe neno la Shangazi Eruke limezunguka mji mzima. Linasema hivi: mtoto ambaye baba yake amekufa bila kumwinua, mkubwa mwingine hana ruhusa ya kumwinua. Atakayemwinua atairithi hasira ya marehemu. Tena huyu aliinuliwa kwa mkono, si kwa neno. Na mkono wenyewe wa nani? Wa uzao wa Eni.

Sheria hiyo sijawahi kuisikia, nami nimehudhuria mazishi mengi kuliko makaburi yenyewe. Lakini sheria mpya ikisemwa na kikongwe asubuhi, jioni yake imekuwa ya kale.

Mke wangu hawezi kusalimia mkubwa yeyote katika mji huu. Mtu asiyeweza kusalimia haingii ua wa mtu. Haendi kuposea mtoto wake, haendi kupatanishwa, haombi moto. Na siku ya maziko hatahesabiwa kati ya watoto. Baada ya hapo litakalofuata nalijua, lipo katika ukoo wangu: watasema aliua.

Amerudi na chikichi zake. Amezitwanga mpaka kinu kikahama mahali pake.


Jumatatu, 19 Januari

Nimekwenda na Ogaga mochwari kupeleka nguo za Mzee. Mhudumu wa pale ni kijana mchangamfu kupita kiasi kwa kazi yake. Akatuambia: Mzee wenu ana ukaidi. Mdomo umekataa kufungika.

Tukaingia kutazama. Sikutaka. Meno ya juu yamekalia mdomo wa chini. Hivyo tu. Ngozi ya jivu, macho yamefumbwa vizuri, na meno yamekalia mdomo wa chini.

Ogaga akanikamata bega. Shemeji! Sema Vrendo. Sema polepole. Nikasema. Meno yangu ya juu yakakalia mdomo wangu wa chini. Mhudumu naye akajaribu, ingawa si Misoko, si wa kabila letu. Tukawa watu watatu ndani ya mochwari tunamnong'oneza maiti: vvv, vvv.

Alikuwa ameanza! Njia nzima Ogaga alikuwa anapiga usukani kwa furaha. Alikuwa ameanza kumwinua, shemeji, kifo kikamkata!

Shangazi alipoambiwa alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alikuwa anauma mdomo, akasema. Kaka yangu tangu utoto akikasirika huuma mdomo.

Na kweli. Hata mimi nilimwona akiuma mdomo, siku ya posa yangu.


Alhamisi, 22 Januari

Uzezi anaamka na magoti yanamuuma. Anasema ni kama amefua kutwa. Amelala kitandani, nimelala pembeni yake, anaamka amechoka magoti.

Sikumwambia ninachofikiri. Jioni hii nimenyunyiza unga wa muhogo sakafuni pande zote za kitanda, mwembamba, kama poda. Kama anashuka kupiga goti usingizini, unga utasema. Akiuliza, nitamwambia ni dawa ya siafu.


Ijumaa, 23 Januari

Unga umesema.

Alama mbili za mviringo, upande wa miguuni mwa kitanda, zinatazama mlango. Ndani ya kila moja unga umesuguliwa hadi saruji ikaonekana. Mtu alikaa pale muda mrefu.

Nikamfunua Uzezi shuka kwa upole. Magoti yake safi.

Yangu meupe.


Jumapili, 25 Januari

Kanisani. Katekista kahubiri vizuri kuliko siku zote. Amesema katika Kristo sisi sote tumekwisha kuinuliwa, hakuna aliyeachwa mavumbini, na wanaoeneza mila za giza wajue moto upo. Alimtazama Shangazi Eruke waziwazi. Shangazi akasema Amina kwa sauti kuliko wote.

Baada ya ibada Uzezi akamfuata mlangoni. Katekista ni mkubwa wetu, mvi tupu. Akapiga goti kwenye ngazi ya kanisa. Digwo, baba.

Katekista akagundua kwamba kitabu chake cha nyimbo kimelegea jalada. Akalishughulikia. Akalishughulikia sana. Akaingia nalo ndani.

Uzezi kajiinua. Njiani akaniambia: Hata Yesu ana wajumbe waoga. Ndilo neno pekee alilosema leo, na lilikuwa zuri, nimeliandika.


Jumanne, 3 Februari

Sikio langu la kushoto lilikufa zamani kwa spika za mazishi. Kila kazi ina kovu lake. Mtu akiwa upande huo naitikia kwa kichwa tu na kutumaini sijakubali jambo baya.

Leo mchana, jua la utosi, nilikuwa uani kwa Mzee natazama pa kuchimbia miti ya turubai. Peke yangu. Wanawake walikuwa kisimani. Upande wa kushoto, karibu kabisa na shingo, mtu akasema: Digwo.

Sauti ya kike. Nikageuka. Ukuta.

Kisha ule ukimya. Kila mtu aliyezaliwa hapa anaujua, ukimya wa mtu aliye chini anayesubiri. Una uzito wake. Ni kama mtu amekushika ncha ya shati.

Ikaja tena. Digwo. Safari hii koo lilikuwa na maji ndani.

Nikajua ni nani. Nikajua pia kwamba pale ukingoni mwa ziwa lazima naye alipiga goti, kwa makuhani, kwa wazee wake waliomleta, kwa yeyote aliyekuwa na mvi. Hakuna aliyemwambia Vrendo. Wakamwelekeza majini.

Ningemjibu nini? Mimi ni kitukuu. Kitukuu hawezi kumwinua bibi. Nikabaki nimeshika kamba mpaka wanawake waliporudi, mmoja akaniuliza: We Baba Kome, unafunga turubai au unafungwa?


Jumamosi, 7 Februari

Kikao cha ukoo. Niandike kwa utaratibu.

Waliokaa: Mzee Egbunu, ambaye kwa kifo cha baba mkwe sasa ndiye mkubwa wa ukoo, mtu mpole anayependa ugoro na kuchukia maamuzi. Shangazi Eruke. Ogaga. Wazee wengine wa kujaza benchi. Mimi kwenye ukingo. Uzezi na wanawake mlangoni, na karibu yake Isio, binti wa Shangazi, amebeba mtoto mgongoni.

Swali lilikuwa moja. Siku ya maziko, watoto wa marehemu watapiga goti mbele ya jeneza mmoja mmoja, na Mzee Egbunu atawainua kwa niaba ya mdomo wa marehemu. Je, Uzezi atainuliwa pamoja nao?

Ogaga akaeleza habari ya meno na mdomo. Alieleza vizuri, kama anauza tairi. Shangazi akauma mdomo wake mbele ya wote, akauachia. Haya, akasema. Hapo nimesema nini? Nimewabariki? Benchi zima likacheka, hata mimi.

Mzee Egbunu akapiga chafya, akajifuta. Nani alikuwepo?

Vichwa vikanigeukia.

Mkwe, ulisikia?

Nikasema: Nilisikia.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi. Ulisikia nini? Vrendo, nikasema. Nusu yake. Hafifu.

Shangazi: Kwa sikio lipi?

La kulia, nikasema. Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alinitazama karibu kwa huruma. Vyema, akasema. Leteni ovo. Aishike, arudie hivyohivyo alivyosema.

Ikaletwa. Ile ovo ya ukoo wao, kifungu cha vijiti vyeusi, vidogo, vimekaukiana kwa damu ya majogoo ya zamani. Mtu hudhani kitu cha kuapia kitakuwa kikubwa. Kiliwekwa juu ya stuli. Aliyeishika akadanganya hamalizi mwaka, ndivyo wasemavyo. Mimi ni mtu wa kanisa. Vijiti ni vijiti. Nilijiambia hivyo, na mkono ukakubali, ukanyooka. Vidole ndivyo vilivyokataa. Vilibaki hewani, karibu kabisa, kama vya mtu anayepima joto la chungu.

Na upande wa kushoto, naapa, pumzi ya maji shingoni.

"Mwacheni." Ilikuwa sauti ya Uzezi kutoka mlangoni. "Hakusikia kitu huyo. Hanisikii hata nikimwita chakula."

Kicheko kililipuka, kicheko cha watu waliobana pumzi. Mzee mmoja alipiga paja. Kikazimika ghafla, kwa sababu kila mmoja alielewa kwa wakati wake alichokisema Uzezi.

Umesema mwenyewe, mwanangu, Shangazi akamwambia. Taratibu.

Nimesema mwenyewe, shangazi. Baba hakuniinua. Niko chini. Sasa niambieni, mtu aliye chini mnamfanyaje? Wazee wenu walikuwa na ziwa. Ninyi mna nini?

Kuku alipita katikati ya kikao akitembea kama shahidi.

Mzee Egbunu akaamua, kwa kutoamua: Uzezi atakuja mazikoni, hakuna wa kumkataza, ila atakaa na wageni. Watakaoinuliwa ni wale ambao ukoo hauna shaka nao.

Wakati wa kutoka Shangazi alipita karibu yangu, upande wa kulia, kwa makusudi. Akasema: Mke wako amekuokoa. Mshukuru. Mimi simchukii, kama unavyodhani. Ila kaka yangu amekwenda na neno mdomoni, na mimi sitalitafuna kwa niaba yake.

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Laiti angekuwa mwovu tu. Ingekuwa rahisi.


Jumapili, 8 Februari

Hatukwenda kanisani.

Amepika usi, ugali wetu wa wanga wa muhogo, na mchuzi wa chikichi, tumekula sahani moja. Alinyofoa usi, akaviringisha, akachovya, akameza. Nilitaka kumwambia ahsante, nikaogopa asije akaniuliza ya nini.

Magoti yangu meupe tena. Sinyunyizi unga siku hizi. Ni vumbi tu sasa, linatosha.


Alhamisi, 19 Februari

Maturubai yamesimama. Kubwa la bluu mbele ya nyumba, madogo kwa vikundi vya ngoma. Kaburi limechimbwa ubavuni mwa nyumba, kuta zake zimepakwa saruji. Jeneza litatoka sebuleni kwa mlango wa mbele, maana mlango wa nyuma ni wa jikoni, na baba hatolewi kwa jikoni.

Watu wa Shangazi wamenipangia viti. Familia huku, wageni kule. Nimevipanga mwenyewe. Cha Uzezi nimekiweka safu ya mwisho ya wageni, mwisho kabisa, karibu na kamba. Nimekifuta. Nimekifuta tena.

Nyumbani amefua kile kitenge cha siku ile. Nikamwambia familia wameshona sare, vitambaa vya kijani. Akasema: Najua, Ogaga aliniletea kwa siri. Sitaki kuvaa cha siri.

Nikamwuliza utafanya nini siku hiyo. Akasema: Nitamsalimia baba.


Jumamosi, 21 Februari

Naandika nyuma ya turubai kubwa, daftari gotini. Alasiri. Hakuna anayenitazama. Hakuna anayemtazama mtu yeyote isipokuwa mmoja.

Nieleze haraka.

Asubuhi ilikwenda sawa. Ngoma, bunduki za baruti, wageni mpaka barabarani. Jeneza liko sebuleni, miguu inaelekea mlangoni. Watoto wakaitwa. Ogaga akapiga goti: Digwo, baba. Mzee Egbunu, amesimama upande wa kichwa na fimbo yake, akajibu kwa sauti ya kuazima: Vrendo. Ogaga akainuka analia. Wakaja watoto wa mke mdogo wa marehemu, mabinti wawili na kaka yao. Vrendo. Vrendo. Vrendo. Wapiga picha wakafurahi. Wabebaji wakaingia.

Hapo Uzezi akainuka safu ya mwisho. Alipita katikati ya viti bila haraka, anaomba radhi kwa kila goti alilogusa. Akafika mlango wa mbele. Akashuka kizingitini penyewe, magoti yote mawili, uso kwa jeneza.

Digwo, baba.

Mzee Egbunu akaitazama fimbo yake.

Nilisubiri. Tulisubiri sote. Ngoma moja ya mbali haikuwa na habari, ikaendelea, kisha ikapewa habari.

Wabebaji walilinyanyua jeneza, wakafika hatua chache, wakasimama. Hakuna nafasi ya kupita. Na juu ya mtoto aliyepiga goti jeneza la baba halipiti. Sijui kama hiyo ni mila au ni aibu tu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua. Wakalirudisha chini.

Ogaga akamwinamia: Dada, inuka, watu wana njaa. Akamjibu: Neno hilo si lako, kaka. Katekista akaanzisha wimbo. Wimbo ukaisha. Akaanzisha mwingine. Nao ukaisha.

Shangazi Eruke akaja mpaka mbele yake. Toka njiani, mtoto.

Sina miguu, shangazi. Wewe ndiye uliyesema.

Nilimpelekea kiti. Alinitazama kwa mara ya kwanza leo. Kaa nacho wewe, Baba Kome. Na usiniguse. Safari hii usiniguse. Nikarudi nacho. Ndicho nilichokalia sasa.

Jua limesogea, kivuli cha turubai kimemwacha. Jasho linamtiririka shingoni. Hatikisiki. Wageni wa mbali wameanza kuulizana kwa sauti za chini, wenyeji wanaeleza, na kila anayeeleza naona inamwia vigumu kuimaliza hadithi bila kuona haya. Inaanza vizuri: baba alikufa kabla hajamwinua. Ikifika kwenye "kwa hiyo", inakwama.

Sikio la kushoto kimya tangu asubuhi. Kimya cha mtu anayesikiliza.

Sasa hivi, nikiwa naandika mstari ule wa juu, Isio ametokea nyuma na beseni la sahani. Binti wa Shangazi mwenyewe. Amesimama, ametazama. Ameweka beseni chini. Amekwenda mlangoni akiwa na mtoto wake mgongoni, amepiga goti ubavuni kwa Uzezi.

Shangazi: Isio! Baba yako ni nani humu ndani?

Isio: Namsubiri mwenzangu, mama.

Mke wa Ogaga amekwenda. Na kilemba chake kile kikubwa kama tanga! Ameshuka nacho. Mabinti wa mke mdogo wametazamana. Wao walikwishainuliwa, picha zao zilikwishapigwa. Wamerudi chini. Sare zao za kijani vumbini.

Hakuna anayelia. Hakuna anayesema neno zaidi ya hilo moja, Digwo, wanalisema kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ya kawaida ya asubuhi, kama wanaomsalimia mtu aliye hai.

Mzee Egbunu amefungua mdomo. Amemtazama Shangazi. Ameufunga. Shangazi hamtazami yeye. Anamtazama mjukuu wake mgongoni kwa Isio, amelala, kichwa kinaning'inia.

Moshi wa jikoni umekatika. Wanawake wa masufuria wanakuja kwa kuzunguka nyumba, wanajifuta mikono, wanatafuta pa kupiga goti.